Nilikuwa Nyuma ya Kibanda cha Pampu

Cheka ukitaka, lakini jambo hili lilinipata mimi, na nililiona kwa macho yangu haya, hapa hapa Karagita, kando ya ziwa. Aliyeumia yuko hai, anachechemea mpaka leo, na ukitaka unaweza kumuuliza. Ila yeye atakusimulia mengine kabisa, na hayo mengine ndiyo yananifanya nishindwe kumtazama usoni.

Mimi na Ouma tunafanya kazi shamba moja la maua, tunavuna waridi kwenye grinhausi. Tunakaa ploti moja pia, mlango wake unatazamana na wangu. Wakati huo nilikuwa nimenaswa na gemu moja la simu. Unapewa kikosi cha wanajeshi wanne, mnasogea kwa zamu: wewe unasogeza wako, halafu unangoja adui naye asogeze wake. Majina unawapa wewe mwenyewe. Mmoja nilimwita Njoroge, jina langu. Wa pili nikamwita Ouma, ili tupate kucheka. Wale wawili waliobaki niliwapa majina ya masupavaisa wetu wa shambani, na kusema kweli hao hawakudumu.

Njoroge ndiye niliyemtunza. Nilimsogeza kutoka ukuta hadi ukuta, kidogo kidogo, na sikumsimamisha mahali pa wazi hata mara moja. Kukiwa na kona ya kuchungulia, nilimtanguliza mwingine. Wenzake wawili walikufa, yeye akarudi bila mkwaruzo. Mimi nikaita hiyo akili, na nikajisifu nayo kwa kila aliyekubali kunisikiliza.

Siku yenyewe, tukila chakula cha mchana, Ouma aliinama akachungulia simu yangu.

"Manze Njoro, si huyo ni mimi nimelala hapo nje?"

"Ni wewe. Umepigwa mguu."

"Na wewe uko wapi?"

Nikamwonyesha Njoroge, amechutama nyuma ya ukuta.

"Si ukuje unitoe?"

"Nikitoka tunaisha wote wawili. Wacha nicheze polepole."

Akacheka sana, akaniambia kwamba mimi nikiwa askari wa kweli nitazeeka mpaka nisahauliwe. Kengele ya kurudi kazini ikalia. Nikabonyeza kumaliza zamu, Njoroge akiwa palepale alipo, nikatia simu mfukoni.

Jioni tulichelewa kutoka na basi la shamba likatuacha. Mke wa Ouma, Akinyi, alikuwa na mimba ya miezi minane, miguu imemvimba, na Ouma hakutaka akae peke yake. Tukakata njia ya ziwani. Kila mtu wa Karagita anajua njia ile haipitwi jua likishatua, maana ndiyo saa viboko wanatoka majini kuja kula nyasi. Lakini mwanga kidogo ulikuwa bado upo, na ni nani kati yetu hajawahi kusema "leo tu"?

Njia hiyo inapita karibu na kibanda cha pampu cha zamani, kile kilichoachwa ziwa lilipofurika. Tulipokikaribia nikaona mtu amechutama nyuma ya ukuta wake. Nikasimama. Niliposimama, yeye akainuka, akaenda hatua chache hadi kwenye mgunga, akachutama tena. Nikatembea, akatulia tuli. Nikasimama, akasogea. Je, umewahi kuona mtu anayengoja zamu yake ya kutembea?

Ouma alikuwa anaongea na Akinyi kwa simu, hakuona kitu. Mimi ndiye niliyeona. Mtu yule alikuwa na dastikoti la kazi la kijani kama letu, na mkono wa kushoto, pale lilipochanika, umefungwa uzi wa bluu wa kufungia maua. Uzi ule niliufunga mimi, asubuhi hiyo, kwenye mkono wa dastikoti langu. Nikaushika kuhakikisha. Ulikuwepo.

Kisha nikasikia matete yakivunjika upande wa ziwani, kitu kizito. Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo aibu yangu ilipo. Sikupiga kelele. Sikumwambia Ouma turudi. Nilimwambia hivi:

"Ouma, tangulia kidogo uangalie huko mbele. Mimi nachunga nyuma."

"Sawa boss," akasema, akatia simu mfukoni, akaenda.

Mimi nikaingia nyuma ya kile kibanda, palepale alipokuwa yule mtu, nikachutama alivyochutama yeye.

Kiboko alitoka kwenye matete mara moja. Nilisikia mlio wake, nikasikia Ouma akianguka, halafu nikamsikia akiniita. Hakumwita Mungu, wala Akinyi. Aliita, "Njoro! Njoro!" Na mimi, niamini, niliziba masikio kwa mikono yangu miwili. Nilijiambia nikitoka tunaisha wote wawili.

Ndipo yule mtu akainuka pale mgungani. Safari hii hakungoja zamu. Alikimbia moja kwa moja kuelekea kwenye kelele, akanipita karibu kiasi kwamba ningeweza kumshika. Uso wake ulikuwa wangu. Ulikuwa uso wangu kabisa, hadi kovu la kidevuni, ila haukuwa na woga. Sijawahi kujiona hivyo kwenye kioo chochote.

Kelele zikanyamaza. Nilipothubutu kuchungulia, kiboko alikuwa amerudi majini, na Ouma alikuwa amelala mita chache kutoka kibandani, paja limeraruka, udongo nyuma yake una alama ya kuburutwa. Nikamwendea. Akanishika mkono, palepale kwenye uzi wa bluu.

"Njoro, ungeniacha tu," akasema huku analia. "Ungekufa, ndugu yangu."

Vijana wa boda waliosikia kelele walifika na tochi, wakanikuta nimempakata. Nguo zangu hazikuwa na udongo, ila kwenye magoti tu. Hakuna aliyeniuliza kwa nini.

Usiku huo, kwenye benchi la hospitali, nilifungua lile gemu. Sikuwa nimeligusa tangu mchana, lakini nyuma ya ukuta hapakuwa na Njoroge. Aliyekaa pale alikuwa Ouma, mguu umefungwa. Njoroge alikuwa nje, mahali pa wazi, amelala kifudifudi. Juu yake palikuwa na alama ya mtu aliyekufa. Nililifuta gemu palepale.

Kanisani walinisimamisha nipigiwe makofi. Akinyi alijifungua mtoto wa kiume, na Ouma, mtu wa Siaya, akampa jina Njoroge, ambalo si jina la kwao. Mama yake Ouma alipiga simu kutoka nyumbani akiuliza kama jamaa zao waliokufa wameisha majina. Ouma akamjibu kwamba mtoto hupewa jina la mtu aliyemfanya baba yake awe hai.

Nilijaribu kumwambia. Nilisema, "Ouma, haikuwa mimi." Akanipiga begani, akacheka kile kicheko chake. "Wewe nawe na unyenyekevu. Si nilikuona na macho yangu?" Nilikula chakula cha sherehe yao ya mtoto, na nilikula nikashiba, na hilo nalo linaniuma.

Kwa hiyo wewe unayecheza, cheza, sikukatazi. Lakini usimpe mtu jina lako halafu umfundishe kujificha. Siku moja atachoka na woga wako, na atatoka kufanya lililokuwa lako, na hatarudi, nawe utabaki kulipwa heshima zake. Mimi bado nipo. Sina mkwaruzo.

Mtoto ana miaka miwili sasa. Akinyi akiita "Njoroge!" pale uani, tunaosikia ni wawili. Yule mdogo huwa ameshakimbia kwenda kuona kuna nini. Mimi huanza kwa kutazama ukuta uko wapi.