Wimbo wa Moto na Piano Nisiyokuwa Nayo

Sijawahi kumiliki piano. Kuigusa nimeigusa mara moja tu, Kampala, na mlinzi akaniomba niondoke. Lakini ndani ya kompyuta yangu, nyumbani Mvara, ninayo piano kubwa: programu ya kuandikia nota, ambayo ukishapanga nota zako kwenye mistari inakupigia ulichoandika. Ina hata pedali, ile ya kukanyagwa kwa mguu ili sauti iendelee kulia baada ya vidole kuondoka. Kinanda cha kanisa letu hakina pedali. Mimi, mwalimu wa kwaya mwenye kitambi, niliipenda pedali hiyo kama mtoto anavyopenda kengele ya baiskeli.

Kiangazi kilichopita jiko la dada yangu huko Koboko, kibanda cha udongo kilichoezekwa nyasi, liliungua, na binti yake alikuwa ndani. Watu walilizunguka wakimwita. Mama yake aliita mpaka sauti ikamkauka. Mtoto alijikunyata kimya nyuma ya mtungi wa maji, hadi jirani alipobomoa ukuta wa udongo kwa kubahatisha na kumtoa salama, amejaa masizi. Kilichomkosesha dada usingizi hakikuwa moto, bali ule ukimya. Kila alipomuuliza mbona hakuitika, mtoto alikaa tu bila kusema neno.

Dada hufundisha watoto kanisani kwao: Wakakwa, Walugbara, na watoto wa wakimbizi wa Sudan Kusini, wote wakielewana kwa Kiswahili chetu cha huku. Alinipigia simu akaomba wimbo wa kuwafundisha wasijifiche moto unapowaka. Wainame, watambae mpaka mlangoni, na wakishindwa kutoka waitike kila wanapoitwa. Akaniambia nisisahau nafasi ya muziki kunyamaza. Kwetu Walugbara mtu ana mlio wake mwenyewe, cere, ambao ukisikika mbali watu wanajua ni nani anakuja hata kabla hajaonekana. Muziki ungekatika ghafla, kila mtoto angetoa mlio wake, na anayewatafuta angejua nani yuko wapi.

Ilikuwa kazi ya alasiri moja. Mimi niliifanya kwa majuma. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na dada alikosea akaniambia mimi ndiye mwanamuziki wa ukoo. Niliandika utangulizi mrefu wa piano, radi mkono wa kushoto, ndimi za moto mkono wa kulia. Maneno ya watoto yaliingia nikiwa nimeshachoka. Alama ya kukanyaga pedali niliiweka mwanzoni kabisa. Alama ya kuiachia niliona inachafua ukurasa, nikaifuta. Mpiga piano mwenye mguu angeachia mwenyewe, lakini kompyuta haina aibu: ukiiambia ikanyage, inakanyaga mpaka uiambie basi. Nami nilikuwa nikisikiliza kipande kipande, kwa spika ndogo, nikisimamisha kila mara ili nijipongeze, kwa hiyo sikugundua kitu.

Nilifika Koboko nimevaa koti, kwenye joto lile. Spika la kukodi lilikuwa refu kuliko mimi. Watoto walijibanza chini ya mabenchi ya kanisa, wakijifanya wamo ndani ya nyumba inayoungua, na binti wa dada akaingia chini ya meza ya mbele. Nikabonyeza.

Ulikuwa uji. Kila sauti ilipanda juu ya nyingine na hakuna iliyokubali kushuka. Nafasi ya kunyamaza ilipofika, tulisikia ngurumo tu, na watoto wakaendelea kungoja huko chini. Nilimlaumu mwenye spika, nikalaumu umeme, kisha nikawaambia watoto hawana masikio. Dada aliniuliza kwa upole kama piano yangu inajua kunyamaza. Nikapiga tena, mambo yakawa yale yale. Hapo ndipo nilipouona kwenye skrini mstari wa pedali, umetambaa toka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho bila kukatika. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nikatafuta pa kubonyeza, nikapakosa, nikang'oa waya wa spika.

Mlio wa kwanza ulitoka chini ya benchi la nyuma, mwembamba na mrefu. Ukafuata mwingine, na mwingine, mpaka kanisa lote likajaa. Chini ya meza ya mbele hapakutoka kitu. Dada alimwita binti yake kwa jina, hakuitika. Akaita tena, kwa sauti kubwa, kana kwamba moto ulikuwa pale pale. Mungu anisamehe, nilitamani kurudisha waya, kwa sababu sikuweza kuuvumilia ukimya ule.

Dada akapiga magoti kando ya meza.

"Siku ile wewe ilisikia mimi naita?"

"Mimi ilisikia," mtoto alinong'ona.

"Sasa mbona wewe ilinyamaza?"

"Moto ni mimi iliwasha. Mama ilisema mutu ikicheza na kiberiti, itapigwa."

Dada akalala kifudifudi sakafuni, na gauni lake la Jumapili, mpaka uso wake ukafika chini ya meza. Alimwambia polepole, nasi sote tukisikia, "Hata nyumba yote ikiungua, mimi hapana piga wewe. Mimi ikiita, wewe itika tu." Kisha akainuka, akaenda mpaka nje ya mlango, akaita upya.

"Mama, mimi iko hapa," sauti ikasema, na mtoto akatoka anatambaa.

Niliporudi Mvara nilifuta piano yote, radi na ndimi zake. Mahali pake nikaandika mstari mmoja wa kuimbwa na mtu mzima aliye nje ya mlango: itika, toka, hutapigwa. Watoto waliujua wimbo siku ileile walipofundishwa. Wazazi ndio bado tunawabembeleza waimbe mstari wao.