Chuma Kirefu Kuliko cha Jirani

Nilipandisha bomba la maji juu ya paa la duka langu, nikalifunga kwa seng'enge, nikashuka nikijipongeza. Kumbe nilikuwa nimeialika radi. Na niliialika kwa wivu tu.

Ilikuwa miaka ile ya kwanza ya Uhuru, maduka ya Kakamega yalipoanza kuingia mikononi mwetu. Niliuza blanketi na vitambaa, kazi iliyonifaa sana kwa kuwa duka lilikuwa mbele na kitanda changu nyuma. Jirani yangu, ukuta kwa ukuta, alikuwa mama mjane mwenye mashine ya kusaga mahindi. Siku moja akajiwa na mtu wa bima kutoka Kisumu, amefunga tai, akakagua kila pembe. Alimwambia pipa la dizeli litoke ndani, ndoo za mchanga zitundikwe ukutani, na juu ya paa kisimame chuma cha kukinga radi, maana kwetu mvua ya alasiri hainyeshangi bila ngurumo. Akifanya hayo, kampuni ingemkatia bima.

Akafanya. Ndoo akazipaka rangi nyekundu. Watu waliotoka Khayega kuja kusaga walisimama nje wakinyoosha vidole juu. Dukani kwangu walipita kama wanaopita choo.

"Na wewe mwite mtu wa bima," mke wangu akasema.

"Aje aniambie nini? Macho ninayo."

"Unayo, lakini yanashindanga kwa jirani."

Nilichoona mimi ni chuma, basi. Changu kingekuwa kirefu zaidi. Ule waya wa shaba ulioshuka kutoka kwenye chuma chake hadi ardhini niliuona pia, nikadhani ni wa kuanikia nguo. Shuleni walifundisha mambo ya umeme. Nafikiri siku hiyo nilibaki nyumbani.

Kwa muda mfupi nikawa mtu. Nilikaa barazani, mjane akipita namwambia, "Mama, naona chako kimedumaa." Anacheka na kwenda zake, na kicheko hicho kilinichoma kuliko tusi.

Halafu mvua ikaja. Radi ilipiga bomba langu, ikakosa waya wa kuishusha ardhini, ikapasua mabati, na blanketi za rafu ya juu zikashika moto. Mali yangu yote ilikuwa mle ndani, nami nikasimama katikati nimekumbatia jora moja la kitambaa, nikipiga kelele. Aliyeingia ni mjane, ndoo mkono huu na mkono huu. Akamwaga mchanga, akarudi kuchukua nyingine, akamwaga, hadi moto ukazimika na nusu ya duka ikapona. Hata wakati ule, nakiri, niliona wivu: nyekundu ile ilimpendeza mkononi.

Alijipangusa jasho, akatazama bomba langu lililopinda kupitia tundu la paa.

"Wewe baba, kaa nyumbani vile umezoea, na paa uwachie wenye kuuliza. Na ndoo zangu zirudi kesho, zikiwa zimejaa."