Dawa ya Ng'ombe kwa Farasi wa Arusi

Mimi huosha punda. Nasema wazi kwa sababu watu hucheka, na wanaocheka zaidi ndio wenye punda wanaonuka. Nje kidogo ya Sotik, kando ya kijito kinachoshuka kutoka kwenye mashamba ya chai, nina ndoo nne, brashi za kila aina na mkebe wa grisi. Punda wa kubeba maziwa huja na mikokoteni yao. Namsugua mnyama, nachokoa kwato, napaka magurudumu grisi, nakagua mikanda isimchune mabega. Ni kazi ya mkono mtupu, kama walivyofanya watu wa kale, nami naringa nayo.

Ndipo akaja mama mmoja na farasi. Marehemu mumewe alitoka upande wa ziwa kuja kutunza farasi katika shamba kubwa la chai, na kazi ilipoisha akaachiwa huyu mmoja, jike jeupe. Mama akamwagiza fundi wa kuchomelea amtengenezee gari la kubeba maharusi. Farasi huyo ndiye aliyekuwa akimlisha mama. Kabla ya kila arusi alimleta kwangu nimwoshe, nami nikaling'arisha na gari.

Alhamisi moja, arusi ikiwa Jumamosi huko Bomet, nilikuta kupe masikioni na chini ya mkia. Mama alikuwa ameenda sokoni. Mimi nimekulia kati ya ng'ombe wa maziwa. Kwetu kupe akionekana hakuna mkutano, ni pampu mgongoni na dawa. Baba alitufundisha kwamba kurudisha mnyama wa watu akiwa na kupe ni aibu. Basi nikachanganya dawa ya ng'ombe, nikaongeza kidogo kwa kuwa farasi ni mkubwa, nikampiga nayo kuanzia masikio hadi kwato. Mama aliporudi sikumwambia. Nilitaka awaone kupe wamekauka, anisifu.

Ijumaa asubuhi akanipigia simu analia. Nilimkuta farasi kwenye boma lake, kichwa kimeinama hadi karibu na magoti, macho nusu wazi. Majani hakugusa, na tangu jana hakuwa ametoa hata kinyesi. Daktari wa mifugo akafika, akaweka sikio lake ubavuni. Akasikiliza sana.

"Tumbo imenyamaza," akasema. "Mmempatia nini?"

Nilijua. Hakuna aliyeniambia, lakini nilijua. Nilifungua mdomo, mama akanitangulia.

"Hakuna kitu, Daktari. Ameoshwa na sabuni peke yake. Huyu kijana ni kama wangu, hawezi nificha."

Nikafunga mdomo. Najichukia nikikumbuka jinsi nilivyoufunga. Daktari akaanza kukisia: labda mahindi yaliyooza, labda minyoo. Akamdunga sindano, akangoja. Saa nzima nilisimama pale nikishika kamba, nikiona farasi akigeuza shingo kuangalia tumbo lake, kisha akakunja miguu ya mbele kutaka kulala. Mama akapiga magoti kando yake, akaanza kumwomba Mungu kwa lugha yake. Mficha maradhi kifo humuumbua, husema Waswahili, lakini hapa maradhi niliyaficha mimi na kifo kilikuwa kinamjia farasi wa mwenzangu.

"Daktari," nikasema, "nilimpiga dawa ya kupe. Ile ya ng'ombe."

Daktari akanigeukia kama anayetaka kunizaba kofi. "Farasi si ng'ombe, bwana! Hiyo dawa inafunga matumbo yake! Lete maji. Lete sabuni. Sasa hivi!"

Tulimwosha mara tatu. Daktari akapitisha mpira puani hadi tumboni, akamimina mafuta, akatundika chupa ya maji ya chumvi kwenye mti. Ijumaa ikaisha hivyo. Jumamosi maharusi walibebwa na pikapu, na sisi tulikuwa bado bomani tunatazama mkia, tukingoja kinyesi. Ilikaribia adhuhuri ulipoinuka, yakaanguka mavi machache yaliyong'aa mafuta. Daktari alipiga makofi. Mimi nililia waziwazi, sikujali nani ananiona.

Nikamwendea mama nikamwambia, "Pole, mama. Sikujua ile dawa ni sumu kwake."

"Hata mimi singejua," akasema. "Hiyo nimekusamehea. Lakini ile saa moja nilikutetea na wewe umenyamaza, hiyo sijui nitaiweka wapi."

Farasi yuko hai, na mama bado humleta. Nikigusa chupa yoyote, hata ya sabuni, huuliza, "Hiyo ni nini?" Nami humjibu kabla hajamaliza kuuliza. Kisha huichukua mkononi mwangu, akainusa mwenyewe.