Ndege ya Mjomba Rajabu Isiyo na Injini

Harufu ya povu gumu jeupe la kufungashia vyombo linapokatwa kwa waya wa moto haifanani na nyingine. Ina utamu kidogo, uchungu kidogo, kisha inang'ang'ania kooni. Majuzi nilikuwa napita zangu Manzese, sina safari maalumu, nikaisikia ikitoka kwenye kibanda cha kijana anayechonga herufi za mabango ya maduka. Nikasimama mlangoni mpaka akaniuliza, "Mama, unataka herufi gani?" Sikutaka herufi. Mwenzenu nilikuwa nimesharudi Kunduchi, kwenye uwanja wetu wa mchanga, na mjomba wangu Rajabu amechuchumaa mbele ya betri ya gari, machozi yanamtoka kwa moshi ule ule.

Miaka ile televisheni ndiyo kwanza zilikuwa zinaanza kuingia, pamoja na majokofu na redio za kaseti kubwa kama masanduku ya nguo. Watu walivitolea macho vyombo. Mjomba alitolea macho maboksi. Humo ndani mlikuwa na povu gumu la kukinga chombo kisigongwe, na wenye maduka walilitupa tu nje. Alilibeba kichwani kutoka Kariakoo, akitembea kwa hadhari maana upepo ulikuwa tayari kumpokonya.

"Rajabu," Baba Tatu alimpigia kelele, yule fundi cherehani jirani yetu asiyepitwa na kitu, "umenunua televisheni ukasahau kuibeba?"

Mjomba alipita na mzigo wake. Siku hizo hakuwa mtu wa kujibu. Alikuwa mdogo wake mama, na alikuja kukaa kwetu baada ya kupunguzwa kwenye kiwanda cha nguo. Kabla ya hapo nilimjua kwa kelele zake: akiingia nyumbani alianza kucheka tangu uchochoroni. Safari hii alikuja na begi na ukimya, akakaa barazani, na mama akawa anamwekea chai ambayo mara nyingi aliikuta imepoa vile vile.

Kilichomwinua pale ni rimoti. Mgeni mmoja wa Ulaya alikuwa anarudi kwao na kugawa vitu, Mjomba akasaidia kupakia mizigo, akatoka na rimoti yenye antena ndefu, kipokezi chake, vimota viwili vidogo, na gazeti la picha lililoandikwa lugha asiyoijua. Kwenye picha hizo watu walisimama juu ya vilima wakiongoza ndege nyembamba zenye mabawa marefu. Nilizikagua zote nikitafuta panga boi. Hazikuwa nalo.

"Injini iko wapi?" nilimuuliza.

"Upepo, mama."

Aliniita mama kwa kuwa nilirithi jina la mama yake. Shule mie niliiacha mapema, na nadhani chanzo ni hapo. Mwalimu hakuwahi kunipa jibu fupi kama lile lililonifanya nikose usingizi.

Mabawa aliyakata kwa waya uliounganishwa na betri. Waya ulipita kwenye povu kama kisu kwenye siagi, ukaacha mgongo wa mviringo na tumbo bapa. Akaunga mgongo wa mwanzi, akaviringisha selotepu ya kahawia kila mahali, vimota akavipachika kuvuta mkia upande huu na ule. Betri zikakaa puani. Ilipokamilika ilikuwa ndefu kuliko mimi, nyepesi kama kuku aliyenyonyolewa, na nzuri hata nikaona haya kuigusa.

Sasa kurusha. Hakuna mtu tuliyemjua aliyewahi kurusha kitu kama kile. Mjomba alikuwa ameng'amua jambo moja: ndege ikikupa mgongo, kushoto kwake ni kushoto kwako, lakini ikikujia usoni mambo yanageuka. Kosea hapo, umeivunja. Kwa hiyo alihitaji ndege ya kujifunzia, na ndege hiyo nikawa mimi.

Kila jioni nilikimbia uwanjani mikono nimeitanua, macho kwenye vidole vyake. Alishika rimoti isiyo na betri. Akisukuma kijiti huku, nainama huku na kukata kona. Nilimwendea, nikamkimbia, nikamzunguka. Akikosea nilijigonga ukutani kwa makusudi, ili apate uchungu. Baba Tatu alisimamisha cherehani.

"Mama Mwanaidi, mwanao anachungwa kama mbuzi!"

"Mbuzi gani ana mabawa?" nilimjibu, nikakatisha mbele yake kwa mwendo wa kasi.

Mama hakucheka. Jioni moja alitoka jikoni akijifuta mikono kwenye kanga. "Rajabu, mdogo wangu, jaribu mara moja tuone. Ikivunjika, hayo mapovu nayatia kiberiti, na wewe unakwenda kuuza dukani kwa shemeji yako." Mjomba aliitikia, "Sawa, dada." Duka la shemeji huyo, mume wa dada yao mwingine, lilikuwa na kaunta nyembamba, na shemeji mwenyewe alikuwa na maneno mengi. Hata mimi nilijua mtu aliye kimya namna ile akiingia mle hatatoka.

Mahali alikuwa ameshapachagua: ukingo wa machimbo ya kokoto, ambako upepo wa bahari unapiga ukuta wa mawe na kukosa pa kwenda ila juu. Aliona mfuko wa nailoni ukipanda hapo na kubaki unaelea, akaparudia siku nyingi kutazama. Tulipanda alasiri, mama nyuma yetu, na Baba Tatu, na nusu ya mtaa. Wavunja kokoto waliweka nyundo chini.

Mjomba aliirusha kama mtu anayerusha mkuki asioutaka uondoke. Ilizama kidogo chini ya ukingo, na mtaa mzima ukasema "aaah". Kisha ikainuka. Ilipanda bila sauti, ikatupita usawa wa macho, ikawa juu yetu, jua likipita kwenye mabawa mpaka yakawa rangi ya chai. Ilikwenda kushoto kufuata ukuta, ikageuka, ikarudi moja kwa moja usoni petu. Nilijikuta nimetanua mikono. Ikainama upande sahihi, ikapita.

Ilikwenda na kurudi, kwenda na kurudi, hadi Baba Tatu akaanza kuangalia jua. "Haya jamani, iteremsheni. Magharibi inatukuta huku."

Mjomba akasukuma kijiti. Ndege ikainamisha pua, ikapata kasi, ikainuka juu zaidi. Akajaribu tena. Ikainuka tena. Akanigeukia.

"Mama," aliniambia polepole, "hatukujifunza kushuka."

Kweli. Ndege yake ya kujifunzia ilikuwa na miguu miwili mchangani siku zote. Ingeshuka kwenda wapi?

Na betri za rimoti zilikuwa zinakwisha. Zikikatika, ndege ingebaki haina mwenyewe. Mjomba aliutazama ukuta wa mawe, akatazama mbele, kwenye majaruba ya chumvi yaliyolala tambarare hadi mikokoni, na bahari nyuma yake.

"Upepo unapanda hapa tu," akasema. "Kule haupandi."

Akaigeuza ndege itupe mgongo, akaituma kule.

"Rajabu, ikienda huko hairudi!" mama alisema.

"Dada, ikibaki hapa ndiyo hairudi."

Ikawa ndogo kama njiwa, halafu kama nzi. Kisha, taratibu, ikaanza kuzama. Akaigeuza mbele ya mikoko. Ikaja chini, chini zaidi, ikagusa jaruba na kuteleza kwenye maji meupe mpaka ikasimama.

Nilifika wa kwanza. Pua ilibonyea, basi. Mjomba alifika anahema, akakaa kwenye tope la chumvi na suruali yake nzuri, akacheka hadi akapata kwikwi. Baba Tatu alikuja na viatu mkononi. "Hebu nami nishike hiyo rimoti," akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi.

Dukani kwa shemeji hakwenda. Ndege iliruka misimu miwili, mpaka chumvi ikala vimota, na kufikia hapo Mjomba alikuwa anapanda mapaa ya watu kufunga antena za televisheni, akipiga soga na kila aliyekuwa chini.

Lakini jioni ile, tukirudi, nilimkera mama kwa maswali. Uliona ilivyogeuka? "Sikuona." Na pale ilipotupita kichwani? "Sikuona, mwanangu." Nilimhurumia na kumkasirikia: kupanda kilima chote kile, halafu asione kitu! Nimetangatanga sana tangu siku hiyo, Tanga, Kigoma, Mbeya, na mara kadhaa nimerudi kwa mama mikono mitupu nikajifanya nina habari nyingi za kusimulia. Safari moja nikagundua hasikilizi habari. Ananitazama uso. Ndipo nikaelewa alikuwa ametazama uso wa mdogo wake kule juu, wakati sisi wote tumeinua macho mbinguni.