Fundi Pindo Aomba Kazi Gerezani

Tulimwita Pindo kwa sababu ya uongo wake. Mteja akija kuulizia nguo, hata kama kitambaa hakijaguswa na mkasi, yeye humwambia, "Limebaki pindo tu, njoo kesho." Mimi ni fundi viatu, nakaa naye kibaraza kimoja, na uongo huo nimeuzoea kama ninavyouzoea mlio wa cherehani yake. Uongo wa fundi haumuui mtu. Ule aliousema mbele ya kamati ya usaili ulikuwa wa aina nyingine, na nusura umuue yeye mwenyewe kwa hofu.

Kazi yenyewe ilikuwa ya serikali: mwalimu wa ushonaji katika gereza la wanawake. Tangazo lilibandikwa ukutani pale ofisi ya mtaa, na mimi ndiye niliyemwambia aende akalisome. Alirudi akiitaka kazi hiyo na kuiogopa papo hapo. Mitumba ilikwisha kutuulia biashara, mama yake mzazi alikuwa hajiwezi kitandani, na umri wa mwisho wa kuomba ulikuwa ndio huo wake. Mwaka ukigeuka, ndiyo basi tena.

"Mtaka cha uvunguni sharti ainame," nikamwambia.

"Nimeinama mpaka mgongo unaniuma," akasema, "na uvungu wenyewe mtupu. Hii nikiikosa, mama atanifia mikononi."

Kilichomtisha hakikuwa ushonaji. Alikuwa na dada, mkubwa wake kwa miaka mingi, mama mmoja baba mbalimbali. Dada huyo alitunza ghala la ushirika mpaka siku mali ilipopotea. Mali iliondoka na wakubwa, funguo zikabaki kwake, akafungwa yeye. Walimpeleka gereza la mbali ambako Pindo hakuwahi kumudu nauli ya kwenda kumwona. Na huyo ndiye aliyembeba mgongoni utotoni, akamfundisha kushona wakati miguu yake bado haifiki kwenye kanyagio la cherehani.

Siku ya usaili, mwenyekiti wa kamati, mama mmoja mwenye miwani minene, alimwuliza mambo ya vipimo na vitambaa. Pindo alijibu bila kukwama. Kisha yule mama akaweka kalamu chini.

"Una ndugu yeyote anayetumikia kifungo?"

"Hapana."

"Fikiri kwanza. Mwenye ndugu ndani hatumchukui. Na anayetudanganya tunamfikisha mahakamani."

"Hapana, mama. Sina."

Walimwamini. Majina ya ukoo hayakufanana, na uso wake wakati ule, naujua, ulikuwa uleule wa kumwambia mteja aje kesho. Lakini aliporudi kibarazani hakugusa kazi. Alikaa juu ya kigoda changu cha wateja akitazama barabara.

"Nimemkana mtu aliyenifuta kamasi," akasema.

Nikamwambia gereza alikofungwa dada yake liko mbali, nani atajua? Maneno ya fundi viatu hayo, mtu wa kuziba matobo. Yalimtuliza siku chache, mpaka alipoitwa kwenye mtihani wa vitendo, ufanyikao ndani ya gereza lenyewe, akifundisha wafungwa huku kamati ikimtazama.

Alipokuwa akijiandaa, mama yake alimwita kitandani, uso umenawiri kuliko kawaida.

"Dada yako kahamishwa," akasema. "Kuna mwanamke katoka ndani juzi, kaja kunipa salamu zake. Yuko hapa hapa mjini, mwanangu! Utamwona kwa macho yako."

Mama hakujua lolote kuhusu uongo ule. Alikuwa akishukuru Mungu, na Pindo alikuwa akimsaidia kushukuru.

Alinijia mbio. "Nisiende?" akaniuliza. "Akiniita jina langu tu, nimekwisha. Watanibakiza humo humo, na mama atabaki na nani?"

Nilimpigia viatu vyake rangi, nikampa.

Langoni walimpekua, wakamvua pini za nywele. Chumba cha ushonaji kilikuwa kirefu, madirisha juu karibu na dari, na kila mkasi umefungwa mezani kwa mnyororo. Yule mama wa miwani alikuwa amekaa pembeni na kalamu yake. Askari wa zamu, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamrisha, akapiga makofi, na wafungwa wakasimama nyuma ya cherehani zao. Nguo zao zilikuwa za rangi moja, na vichwa vyao vimenyolewa. Alipowatazama mara ya kwanza aliona hamjui hata mmoja, akapumua. Kisha akaliona paji la uso. Lilikuwa paji lake mwenyewe, lile la mama yao, pale cherehani ya katikati.

Humo ndani salamu ni sheria. Mfungwa humwamkia kila mwenye mamlaka, awe na umri wowote. Bibi wa mvi humpa shikamoo askari aliyeajiriwa jana. Basi Pindo akaanza kupita, na kila alipofika kwa mmoja, huyo anainamisha kichwa: "Shikamoo, mwalimu." Naye anajibu. Akajaribu kwenda polepole, lakini chumba hakikuwa na urefu wa kutosha.

Akafika. Tangu ajue kusema, kila asubuhi ya utoto wake, alimpa mwanamke huyu shikamoo yake, na siku aliposahau alinyimwa chai. Sasa dada alikuwa amesimama mikono nyuma, macho chini.

"Shikamoo, mwalimu."

Pindo hakujibu. Kalamu ya yule mama ikasimama.

"Mwalimu," askari akasema, "itikia salamu."

Dada akarudia, kwa sauti ya juu zaidi, kana kwamba kosa lilikuwa lake. "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba," akasema Pindo.

Somo lilikuwa kuunga kola ya shati. Pindo alieleza, nao wakaanza kushona. Dada yake, ambaye angeweza kuunga kola akiwa amefumba macho, aliipachika kinyumenyume, akavuta uzi mpaka kitambaa kikakunjana. Akanyoosha mkono.

"Mwalimu, mimi mgumu kuelewa. Nioneshe tena."

Ikabidi Pindo ainame, afumue, amwoneshe. Aliporudia, dada alishona vizuri sana, kisha akaiinua kola ile kamati yote ione. "Loo, kumbe rahisi! Hatujawahi kupata mwalimu anayeeleza hivi." Yule mama wa miwani akaandika kitu.

Ndipo askari alipowatazama wote wawili, kichwa amekiinamisha upande. "Wewe," akamwambia dada, "mbona mmefanana na mwalimu? Hilo paji!"

Pindo anasema hapo aliona pingu mikononi mwake.

"Afande, jamani," dada akasema, "mwalimu wa watu kaja siku ya kwanza, mshaanza kumtukana? Afanane na mimi, mwenye sura kama chungu cha kuazima? Ataacha kazi!"

Wafungwa wakaangua kicheko, askari naye akacheka mpaka akajishika ubavu. Dada hakumtazama Pindo hata mara moja. Alirudi kwenye kola yake.

Walipotoka nje, yule mama wa miwani alimpa mkono. "Kazi ni yako. Jumatatu uje na cheti chako cha daktari."

Jioni ile Pindo alimlisha mama yake uji, akitumaini hataulizwa kitu.

"Umemwona?"

"Nimemwona, mama. Hajambo. Kakonda kidogo."

"Ulimwamkia?"

Pindo akakoroga uji uliokwisha kupoa. Angeweza kudanganya, ni fundi wa hilo. Lakini akamweleza mama yote, kamati, uongo, salamu na kola, na alipofika mwisho alikuwa analia.

"Aliniamkia yeye, mama. Mara mbili."

Mama akalifunika kwa mkono lile paji la uso. Pindo akangoja alaaniwe.

"Jumatatu nenda," mama akasema hatimaye. "Mmoja wetu awe anamwona. Akikuamkia, itikia, asije akaumbuka. Ila usizoee."

Sasa ni Jumapili, na Pindo amekuja kibarazani kuchukua cherehani yake. Ananiambia hofu ya kukamatwa imepungua. Anachoogopa ni hilo alilosema mama, kwamba itafika asubuhi moja atajibu marahaba huku akitafuta chaki, wala asigundue amemjibu nani.