Simu ya Baba Haina Adabu

Mtaani wanamwita dada yangu Waya, na mimi nimezoea kumwita hivyo hivyo. Ni fundi simu. Kibanda chake kimebanana na saluni yangu, tumetenganishwa na ubao mwembamba tu, kwa hiyo yeye akigombana na simu nasikia, na mimi nikisengenya anasikia. Nasema mapema ili mjue haya sikuhadithiwa. Nilikuwepo, na mara nyingi nilikuwa nimenuna.

Baba yetu alikuwa msimamizi wa ujenzi. Akifoka chini, mafundi wa ghorofa ya juu kabisa wanashika vifaa vyao. Halafu kiharusi kikampiga, kikaulaza mkono wa kulia na kuchukua usemi wote. Akili kikamwachia timamu, na hapo ndipo palipokuwa na ukatili, maana alielewa kila tulichosema, hata tulipomsema yeye. Akitaka kujibu anatoa mlio tu, anapiga godoro ngumi, anageukia ukutani.

Waya akajifunga kibwebwe. Kuandika programu alikuwa amejifunza mwenyewe, kati ya mteja na mteja. Akatengeneza programu ya simu: kioo kimejaa picha, kila picha na neno lake, Baba anagusa kwa kidole cha mkono wa kushoto, simu inatamka. Neno la kwanza aliloligusa lilikuwa "Ondokeni". Tukaondoka, tukaenda kulia jikoni kwa furaha, Mama akiwa wa kwanza.

Hakuiuza. Aliiweka mtandaoni iwe programu huria, yaani yeyote anaichukua bure, anaifungua aone ilivyoandikwa ndani, anairekebisha inavyomfaa, na marekebisho yake anayarudisha ili wengine nao wafaidi. Nilimwambia amerogwa. Akanijibu kuwa wapo kina baba wengine waliogeukia ukutani, na mikono yake miwili haiwezi kuwafikia. Akapata mwenzake mmoja wa mji mwingine, mwanamume mpole ambaye hatukuwahi kumwona ila kwenye kioo, wakawa wanaiendesha wawili.

Sasa sikieni balaa. Mfumo wa simu ukabadilishwa, na programu jinsi ilivyoandikwa isingeweza kufunguka kwenye simu mpya. Simu ya Baba ilikuwa kuukuu, imefunguliwa na kufungwa mpaka skrubu zimelegea. "Hii ikifa," Waya aliniambia, "itabidi nimpe mpya. Na kwenye mpya, Baba anakuwa bubu tena." Kuiandika upya ilikuwa kazi ya watu wengi. Wageni walikuwa wakija kwenye mradi, wanachungulia, wanaondoka bila hata kwaheri. Dada yangu akaanza kukonda.

Mgeni mmoja akabaki. Nilimpachika jina Bwana Adabu, na mtaona kwa nini. Alikuwa akifanya kazi kwenye ofisi ya kupokea simu za wateja wenye malalamiko, na jioni anaandika programu. Alituma kazi safi, imenyooka. Waya akaikagua jinsi watu wa kompyuta wanavyokagua: je, inavunja kitu? Haivunji. Inaifanya simu iwe nzito? Hapana. Akaipokea kwa mikono miwili, akaiweka kwenye simu ya Baba asubuhi hiyo hiyo, akaenda kibandani akipiga mluzi. Kusikiliza inasema nini hakusikiliza.

Mama akaleta chai. "Nikuongeze sukari?"

Baba akagusa "Hapana".

"Hapana, nakushukuru sana kwa kunijali," simu ikasema.

Mama nusura amwage chai. Katika ndoa yao yote Baba hajawahi kumshukuru kwa sukari. "Leo umeamkia upande gani?" akauliza, anacheka, mashavu yamemwiva kama bibi harusi. Baba alikuwa ametoa macho. Akagusa tena, simu ikashukuru tena. Mimi nikacheka mpaka mbavu zikaniuma, na hilo nalo simu haikulijibu Baba alivyotaka.

Kicheko kilikatika saa ya mazoezi. Mtaalamu wa viungo ni mama mkarimu, anakuja nyumbani, anamnyoosha Baba ule mkono uliolala. Alipoukunja, Baba akagusa "Inauma".

"Samahani, inauma kidogo," simu ikasema, "lakini endelea tu, asante."

"Vizuri mzee, jikaze," yule mama akasema, akavuta zaidi.

Baba akagusa tena na tena. Simu ikaomba samahani tena na tena, kwa sauti tamu. Nilipogeuka kutoka dirishani nikaona machozi yanamtiririka shingoni, na kidole bado kinagonga kioo. Nilipiga kelele, wakasimama. Yule mama alijishika kichwa, akaomba radhi mpaka nikamhurumia. Kosa halikuwa lake, aliambiwa aendelee.

Nilitoka pale natafuta mtu wa kumrarua. Waya alimpigia Bwana Adabu nami nimesimama nyuma ya kiti, nimeweka mikono kiunoni. Nikamnyang'anya simu.

"Wewe! Nani alikutuma umwombee baba yangu msamaha?"

"Dada, samahani, sikuelewa. Baba yupi?"

"Baba! Aliyepooza! Anayetumia hiyo takataka yako!"

Akasema polepole, "Mnataka kusema hii ni programu ya wagonjwa?"

Mimi nilidhani ananichezea. Akaendelea, na sauti yake ilikuwa imenywea. "Mimi nilidhani ni ya ofisi kama yetu, ya kujibu wateja. Nikaongeza lugha ya staha ili isiwaudhi. Ukurasa wenu wa mwanzo hausemi ni ya nani. Nimeusoma wote, wallahi."

Waya akaufungua ule ukurasa. Ndio wa kwanza kuonekana na kila mgeni anayeingia kwenye mradi. Akausoma kwa sauti, na mimi nikasikia kwa mara ya kwanza: injini nyepesi ya usanisi wa matamshi, moduli zinazojitegemea, namna ya kuisakinisha, namna ya kutuma marekebisho. Kumesifiwa kila tofali na hakuna mahali palipoandikwa kwamba hii ni nyumba. Yeye na mwenzake walijua ni ya nini, wakadhani dunia nzima inajua.

"Kosa si la huyu," Waya alisema. Alikuwa amekasirika, lakini si kwa kelele kama mimi. Yeye akikasirika ananyamaza na kuvuta kiti. Aliitoa ile staha kwenye simu ya Baba, akafuta ukurasa mzima, akaanza upya.

Mwenzake wa mji mwingine hakupenda. "Ukiandika kirahisi hivyo wataalamu watatudharau. Wataona kazi ya kitoto."

"Watudharau, lakini waelewe," Waya akasema. "Sitaki tena mtu aje kunisaidia halafu amuumize Baba kwa nia njema."

Basi saluni yangu ikawa mahakama. Mteja yuko chini ya kikaushio, hana pa kukimbilia, Waya anaingia na karatasi ya ule ukurasa mpya, anamsomea, kisha anamuuliza: hii programu ni ya nani, na inamfanyia nini? Akishindwa kujibu, karatasi inachanwa. Mmoja alisema ni ya kujifunzia kuimba. Mwingine akauliza kama inaweza kumpigia mumewe kelele kwa niaba yake, akasema yuko tayari kuilipia. Mteja wangu mmoja wa siku zote alihamia saluni nyingine, akasema hapa kumekuwa na mitihani. Nilimgombeza Waya. "Unanifukuzia wateja!" Akanitazama, macho mekundu kwa kuchoka. "Simu ya Baba imezima mara mbili leo," akasema. Nikamvutia mteja mwingine mimi mwenyewe.

Karatasi iliyopona ilikuwa fupi hata haikujaza kiganja. Ilisema: programu hii ni ya mtu aliyepoteza usemi. Anagusa picha, simu inasema. Inasema alichokisema yeye, haiongezi neno na haipunguzi, hata kama neno lake ni kali. Haifunguki kwenye simu mpya, na za zamani zikifa watu watanyamaza. Tusaidie wasinyamaze. Injini na moduli zikasukumwa chini kabisa, kwa wanaozitaka.

Kisha akaomba chumba katika chuo cha ufundi, akaalika yeyote anayetaka kusaidia. Nilimsukuma Baba kwenye kiti chake cha magurudumu, tukakuta Bwana Adabu ameshafika, amesafiri kwa basi, anapanga viti. Jamani, alikuwa na aibu! Akainama. "Shikamoo mzee. Nisamehe."

Baba akamtazama muda mrefu, akagusa. "Marahaba," simu ikasema, na haikuongeza chochote. Hapo nami nikaanza kumsamehe, shingo upande.

Watu walikuja kiasi, wengine na kompyuta zao, wengine kwa udadisi. Waya akasimama mbele, na uoga ukamrudisha kule kule. "Karibuni. Mradi wetu una moduli zinazojitegemea ambazo..." Nikafumba macho. Nikamsikia akijikatiza. "Hapana," akasema. "Nianze tena. Yule pale ni baba yangu. Haongei." Akawaambia yale ya kwenye karatasi, na ya mkono uliovutwa. Hakuna aliyegusa simu yake.

Mwanamume mmoja mwenye ndevu za mvi, aliyekaa karibu na mlango, akanyoosha mkono, akasimama. Hakuwa mtu wa kompyuta, alikuwa dereva wa lori. "Mama yangu naye haongei," alisema. "Lakini sisi tumeshamzoea. Tunamjua kila kitu. Anapenda redio, tunamwashia toka asubuhi mpaka analala. Sasa mtu kama huyo, ya nini kumsumbua na picha?"

Waya akafungua mdomo kujibu. Simu ikamtangulia.

"Muulize," Baba alisema.

Dereva akacheka kidogo, akatafuta wa kucheka naye, akamkosa. Akakaa. Mwanamke mmoja wa mbele akafungua kompyuta yake, akasema, "Dada, nionyeshe kinachokwama kwenye simu mpya." Bwana Adabu akasogeza kiti. Wengine wakaondoka, sawa, waende salama, lakini waliobaki walijua wamebakia nini. Hakuna aliyeuliza programu ni ya nani.

Waliisuka upya kwa wiki kadhaa, wakigombana, wakifuta, wakirudia. Mgeni akileta wazo zuri, wao wenyewe wanamuuliza: je, bado ni maneno ya mgonjwa mwenyewe? Simu kuukuu ilikufa mchana mmoja Baba akiwa katikati ya kumkaripia Mama. Waya akampa mpya. Baba akagusa, akamalizia kumkaripia. Mama akapiga vigelegele.

Yule dereva alichukua programu ya simu mpya kwa ajili ya mama yake. Siku chache baadaye akaja kibandani, lori ameliacha barabarani linazuia watu, wanampigia honi na hasikii. Nilitoka na kitana mkononi nimwambie aliondoe. Nikamkuta ameshika ule ubao wetu, analia kama mtoto.

"Nimemuuliza," akamwambia Waya. "Amegusa picha mbili tu. Zima. Redio."