Leso Mbele ya Kioo cha Chatu

Chatu wangu alikataa kula tangu siku nilipomleta nyumbani kwetu mtaa wa Muyeye, nami nikakataa katakata afe mikononi mwangu. Alikuwa mdogo bado, mwembamba kama mpini wa mwiko, na urefu wake haukuzidi mkono wangu kutoka begani hadi kwenye vidole. Watu walinicheka. Mimi ni mkaidi tangu utotoni, na kuchekwa hunitia nguvu.

Nilikuwa nimefanya kazi kwa miaka katika bustani ya nyoka nje kidogo ya mji wa Malindi, pale watalii walipokuja kupiga picha na kupiga mayowe. Kazi yangu ilikuwa kukata tiketi na kuwaeleza wageni: huyu ana sumu, huyu hana, huyu chatu huyabana mawindo yake mpaka yakate roho. Maneno nilikuwa nayo tele, lakini kumlisha nyoka kwa mkono wangu sikuwahi. Bustani ilipofungwa, maafisa wa wanyamapori waliwahamisha nyoka wakubwa. Akabaki chatu mmoja aliyeanguliwa karibuni, dhaifu, ambaye kila aliyemtazama alitikisa kichwa. Nikaomba kibali nimlee mimi. Afisa alinipa, lakini akanionya kwamba atakuja kumkagua, na akimkuta amezidi kudhoofika atamchukua. Wote wawili tulijua kwamba kwa hali ile, safari yenyewe ya kumhamisha ingetosha kummaliza.

Nyumbani tulikuwa wawili, mimi na mama. Baba alikuwa amefariki mwaka huohuo, na mama alikuwa ametoka edani majuzi tu. Alikuwa amepungua sana. Magauni yalimpwaya, na pete yake ya ndoa alikuwa ameihamishia kidole cha kati isije ikadondoka. Chakula alikigusagusa tu, kisha akasema ameshiba. Nililiona hilo nikajiambia ni majonzi, yatapita.

Nilipomweleza habari za chatu aliweka tasbihi chini.

"Auzubillahi! Mwanangu, watu wote hawa Malindi, umekosa wa kuishi naye ila joka?"

"Si joka, mama. Ni mtoto."

"Mtoto ana mamake. Huyo mamake akija kumtafuta, mlango utafungua wewe."

Kwanza ilikuwa nyumba ya chatu. Nilikuwa nimepanga kisanduku kidogo cha mbao, lakini seremala wetu wa mtaani, bingwa wa makabati ya vyombo, alikataa kushika msumeno.

"Mgeni umemchukua kwa watu, dada, ukamweke kwenye kisanduku cha viatu? Utaaibika."

Nikamkubalia, na hata nikajiona nilikuwa karibu kutenda ubahili. Akanitengenezea jumba hasa, lenye kioo upande wote wa mbele, wavu wa hewa juu, na kufuli. Ndani nilitandika magazeti, nikaweka bakuli zito la maji ambalo hawezi kulipindua, na kwenye pembe moja nikaning'iniza balbu ndani ya kizimba cha waya asije akaungua, kwa kuwa msimu wa kusi sebule yetu huwa na baridi alfajiri. Stima ilipokatika nilijaza maji ya moto kwenye chupa, nikazivika taulo, nikazilaza kando yake. Jumba lile nililiweka sebuleni mahali pa heshima, mkabala na mlango. Mahali pa kujificha sikumpa. Akijificha, watu wangeona nini?

Kisha chakula. Wenye maduka ya nafaka sokoni walininasia panya wadogo kwa mitego ya waya, na kila mara niliuliza kama kuna sumu dukani. Aliyesitasita kujibu sikuchukua panya wake. Waliokufa niliwafunga vizuri, nikawatia ndani ya kopo lenye kifuniko, nikalisukuma nyuma kabisa kwenye friji. Mama alilifungua akidhani ni samli. Sitayaandika aliyoyasema. Tangu siku hiyo kopo lilifungwa kamba, na mama alipopita mbele ya friji alivuta bismillahi ndefu.

Huku kwetu mgeni haachwi peke yake. Akifika, mtu huketi naye, humzungumzisha, humwekea sahani na kumsihi: karibu, kula, mbona hujala, ongeza kidogo. Ukimwacha mgeni chumbani na chakula chake ukaenda zako, umemfukuza. Nimelelewa hivyo, sikujua namna nyingine ya kumtunza kiumbe aliye chini ya paa langu. Basi asubuhi na jioni nilimpasha panya katika maji ya uvuguvugu, nikamkausha, nikamshika kwa koleo refu, nikamtikisa mbele ya pua ya chatu. Yeye alijikunja akaingiza kichwa chini ya mapindo ya mwili wake. Nilimsogezea. Akazidi kujikunja. Nilibadilisha panya kwa kifaranga. Nilikaa mbele ya kioo nikimbembeleza, "Kula basi, baba, kidogo tu," mpaka goti likafa ganzi.

Na sikuwa peke yangu. Majirani walikuja kwa zamu. Watoto walibandika pua kwenye kioo. Shangazi yangu, dada yake baba, alileta kiti chake mwenyewe akaketi hapo tangu alasiri, akifuma kofia na kutoa amri.

"Mkono wako hajauzoea. Mtoe umpakate kidogo."

Nilimtoa nikampakata. Nilimrudisha, nikamwonyesha panya tena. Wapi!

Afisa alikuja kama alivyoahidi. Alimpitisha chatu kwenye kiganja, akanionyesha mgongo ulivyochongoka na ngozi ilivyolegea mbavuni.

"Huyu hajala tangu umchukue."

"Atakula," nilisema.

"Nikirudi nikamkuta hivi, naondoka naye."

Alipotoka nilijaa hasira na woga, sijui kipi kilizidi. Niliapa kwamba huyu chatu atakula hata kama nitahamia ndani ya jumba lake. Kuanzia hapo nilimpa panya mara tatu kwa siku. Nilihamishia mkeka wangu mbele ya kioo. Kama kuna mtu amewahi kumkaribisha nyoka kwa moyo mmoja, ni mimi.

Siku moja nilirudi kutoka sokoni nikakuta kioo hakionekani. Mama alikuwa ametundika leso mbele yake, ameibana kwa vibanio vya nguo kutoka pembe hadi pembe. Niliitambua leso yenyewe, ile ya rangi ya udongo iliyochakaa, aliyokuwa ameitundika kwenye mlango wa chumba chake siku zote za eda. Shangazi alikuwa amekwenda kwao na kiti chake.

"Mama, umefanya nini?"

"Nimechoka kutazamwa na nyoka ndani ya nyumba yangu."

"Lakini sasa nitamwonaje?"

"Kwani usipomwona atageuka paka?"

Nilikunja uso, lakini leso ya mama siiondoi mimi. Nilipokuwa napasha panya jikoni, alikuja akasimama nyuma yangu na chungu cha zamani kilichomeguka mdomo.

"Kifudikize humo ndani. Apate kuingia."

"Mama, lakini..."

"Na huyo panya umweke karibu na mlango wa chungu, ufunge, uje zako. Usimkaribishe."

Lile neno la mwisho alilisema kwa ukali ambao sikuuelewa. Nilifanya kama alivyotaka, nikiamini napoteza jioni nyingine bure. Chatu alipoona pale palipomeguka aliingia chini ya chungu moja kwa moja, hata kabla sijatoa mkono. Nililaza panya, nikafunga kufuli, nikashusha leso. Mama alinishika kiwiko akanipeleka uani kama mtoto, tukakaa huko tukichambua mchele wa kesho.

Alfajiri nilifunua pembe ya leso. Panya hakuwepo. Ndani ya chungu, kupitia pale palipomeguka, niliona tumbo la chatu limevimba katikati. Nilipiga vigelegele peke yangu, nikalia, nikacheka, nikaenda kumgongea mama mlango.

"Amekula! Mama, amekula!"

"Alhamdulillahi. Sasa usimshike mpaka tumbo limshuke, maana nakujua wewe."

Afisa aliporudi alimkuta chatu amekwishakula mara kadhaa. Mgongo ulikuwa umeanza kujaa nyama. Hakusema mengi. Alitazama lile jumba kubwa la kioo lililofunikwa leso, akatabasamu, akatia sahihi kibali changu. Tulipobaki wawili nilimuuliza mama lile lililokuwa likinikereketa.

"Wewe unamchukia nyoka. Ulijuaje?"

Alikuwa amekaa kwenye mbuzi akikuna nazi. Aliendelea kukuna.

"Mimi sijui habari za nyoka."

"Ulijua, mama."

Akakuna mpaka kifuu kikabaki kitupu.

"Nilipokuwa edani mlikuwa mkiniletea sahani," alisema. "Wewe, wifi yangu, majirani. Mnaniwekea, kisha mnaketi mnanizunguka. Kula, mama. Kula, bibi. Tonge hili, tonge lile. Macho yenu yote kinywani mwangu. Nilikuwa siwezi kumeza. Nikatundika leso mlangoni, na nyinyi mkawa mnaifunua mnaingia." Alipangusa mbuzi kwa kiganja. "Basi nilimwona yule kiumbe anavyoficha kichwa chini ya mwili wake, nikasema, huyu namjua."

Nilimtazama mikono, jinsi ilivyokonda, na ile pete kwenye kidole cha kati. Miezi yote hiyo nilikuwa nikimpimia chatu mgongo. Nikainama nikakusanya vifuu.

Jioni hiyo nilipika wali wa nazi na samaki wa kupaka. Nilimpakulia mama sahani yake, nikaiweka mkekani mahali anapopenda kukaa, nikaifunika kwa kawa. Ulimi uliniwasha kusema karibu. Niliung'ata.

"Nakwenda kuanua nguo," nilimwambia.

Kamba ya nguo ilikuwa tupu tangu mchana. Nilikula wangu nimesimama uani, nikafagia mahali palipokwisha kufagiwa, nikamwagilia mrehani, nikasubiri. Niliposikia maji ya kunawa yakimwagika ndani, niliingia. Mama alikuwa amekwisha kwenda kuswali. Kawa lilikuwa limewekwa kando, na kwenye sahani ilibaki miiba peke yake.

Nikaiokota sahani, nikaenda kuiosha.